Penye Matope, Saa ni ya Ndege

Kutoka gati la Nakiwogo mjini Entebbe, boti ya injini hufika kwenye kinamasi cha Mabamba, pembeni mwa Ziwa Victoria, kwa muda usiozidi saa moja. Hapo injini huzimwa, upondo hushika kazi, na chombo huingia kwenye vichochoro vya maji vilivyobanwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Anayetafutwa humo ni korongo nyangumi, ndege wa rangi ya majivu, kimo chake mita moja na ushei, mdomo mpana wenye kulabu nchani na kishungi kidogo kisogoni. Waganda humwita bulwe. Watu huvuka mabara kuja kumpiga picha, na wakishampata hukuta hafanyi chochote.

Amesimama tu. Dakika kumi zinapita, ishirini, pengine saa nzima, naye hajainua hata mguu. Anayemngoja ni kamongo, samaki anayeishi kwenye tope na ambaye hana budi kuja juu mara kwa mara kuvuta hewa. Korongo nyangumi hajui kamongo atatokea lini, ila anajua kwamba lazima atatokea. Wakati huo ukifika, ndege hujirusha mzimamzima, kichwa, kifua na mabawa, akaangukia maji kwa kishindo, kisha akainuka na samaki aliyechanganyika na majani mdomoni. Yote hayo huisha kabla wengi hawajapata kubonyeza kitufe cha kamera.

Hapo ndipo wageni hugawanyika. Wako wanaopiga picha mia mbili za mkao uleule ndani ya dakika tano za mwanzo, wakazitazama kwenye kioo cha kamera, wakaanza kuulizia safari ya kurudi. Na wako wanaopiga chache, wakaiweka kamera mapajani, wakaanza kumwangalia ndege mwenyewe. Hawa wa pili ndio wanaorudi nyumbani wakiwa na jambo la kusimulia. Wameona jicho la rangi ya manjano hafifu likifunikwa na utando na kufunuliwa tena. Wameona mabaka meusi yaliyotapakaa juu ya mdomo, kila ndege na ya kwake. Wameona jinsi anavyogeuza kichwa polepole ili kukilenga kitu kilichotikisa majani, na jinsi anavyokirudisha baada ya kuridhika kwamba si samaki. Picha wanayoipiga baada ya nusu saa ya namna hiyo huwa tofauti kabisa na zile za mwanzo, maana sasa wanajua wanachokipiga.

Jambo hili limewahi kupimwa, ingawa si kinamasini. Mwaka 2014 jarida la Psychological Science lilichapa utafiti wa mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani. Aliwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wakivipiga picha na vingine wakivitazama tu. Kesho yake walikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha, kana kwamba akili ilikuwa imeikabidhi kamera kazi ya kukumbuka. Lakini kulikuwa na kasoro moja ya kufurahisha katika matokeo hayo: waliosogeza lenzi ili kupiga sehemu moja tu ya kitu hawakupoteza kumbukumbu. Walikumbuka hata sehemu ambazo hazikuingia kwenye picha.

Mtu aliyezoea kupiga picha ndege wa maji atatabasamu akisoma hayo. Kazi yake yote ni ya kusogea kwenye sehemu moja. Kundi la ndege elfu moja halimpi picha, humpa kelele. Picha huanza pale anapomchagua mmoja, akamfuata yeye peke yake kwa lenzi, akaanza kujua kwamba huyu huchovya mdomo mara tatu kabla ya kupiga hatua, na kwamba yule wa kushoto ni mgomvi.

Kwa nini basi ndege wa ardhi oevu, na si kunguru wa mjini au shomoro wa paani? Sehemu ya jibu ni uwanda wenyewe. Porini ndege hujificha nyuma ya majani. Kwenye ziwa na ufukwe yuko wazi, na mpigapicha naye yuko wazi. Hana pa kujibanza. Ili ndege amzoee, lazima ashuke: akae, kisha alale kifudifudi kwenye tope, lenzi ikiwa sentimita chache juu ya maji. Waliobobea husisitiza hilo kuliko aina ya kamera. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama humwonyesha ndege kama kitu kilichodondoka chini. Iliyopigwa usawa wa jicho lake humwonyesha kama kiumbe mwenye shughuli zake, na nyuma yake maji hugeuka kuwa rangi tupu isiyo na vurugu. Kwa mtu mzima mwenye heshima zake, kulala kwenye matope mbele za watu kunahitaji kuacha kitu fulani nyumbani. Ndiyo maana wengi hukumbuka siku ya kwanza walipofanya hivyo kuliko picha walizozipata.

Kisha kuna mwanga na upepo. Yangeyange mweupe akipigwa picha saa sita mchana huwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja unaoonekana. Akipigwa jua linapochomoza, kila unyoya hujitenga. Ndege wa maji huruka akielekeza uso kule upepo unakotoka, kwa hiyo anayetaka kumpata akija na si akienda hukaa upepo ukimpiga mgongoni. Mabawa yanayopiga kwa nguvu hugandishwa kwa kasi ya shata ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, au hata zaidi. Hayo yote hufundishika kwa mwezi mmoja. Yasiyofundishika upesi ni kukaa kimya.

Pwani ya Kenya, kwenye Hori la Mida karibu na Watamu, saa haipangwi hata na jua. Hupangwa na bahari. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope, na lenzi hata iwe ndefu kiasi gani huambulia madoa madogo tu. Yakianza kujaa, hasa siku za bamvua, tope hupungua, na ndege husukumwa hatua kwa hatua kuja ukingoni, penye mikoko na fungu la mwisho la mchanga mkavu. Aliyefika mapema na kukaa tuli hujikuta ndege wanamjia wenyewe. Aliyechelewa akitembea kuwafuata huwarusha wote, na ndege aliyerushwa wakati wa maji kujaa hana pengine pa kupumzika.

Wanaokusanyika hapo ni sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi wa aina nyingi, na yule mla kaa mwenye manyoya meupe na mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi unaovunja gamba la kaa kwa pigo moja. Mla kaa huyu ana nasaba inayowahusu watu wa pwani. Huzaliana kwenye fukwe za Oman, Ghuba na maeneo jirani, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe, kisha hushuka na vifaranga vyake hadi Mida, Lamu, Unguja, Pemba na Mafia. Njia ya majahazi na njia yake ni moja.

Nao vitwitwi wadogo wametoka mbali zaidi, wengine Siberia. Mwezi wa Oktoba ni wa kijivu, wamekonda kwa safari, na anayeanza kupiga picha huwaona wote sawa. Akirudi Aprili hushangaa. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda amegeuka kifua na tumbo, amekuwa mwekundu wa rangi ya matofali, amenenepa, anakula bila kuinua kichwa. Wiki chache tu baadaye tope liko tupu. Mtu aliyekaa msimu mzima na ndege hao, akiwa na picha za Oktoba na za Aprili mezani, hawezi tena kuihesabu miezi kwa kalenda peke yake. Wapo waliosema kwamba huu ndio mwaka wao sasa: wanaingojea kaskazi kwa sababu ya nani atakuja nayo.

Si kila maji yanayompokea mtu. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, ni kina kifupi cha maji ya magadi makali yanayounguza ngozi. Ndiko heroe wadogo, wengi huwaita flamingo, wanakozalia. Ni mahali pekee Afrika Mashariki wanapozaa mara kwa mara, na inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni na mpenzi mkubwa wa ndege, aliwaona kutoka angani wakiwa kwenye viota, akaazimia kuwafikia kwa miguu. Ganda la juu la magadi lilimpasukia, akawa anazama kwenye tope jeusi kila hatua, viatu vikajaa fuwele za magadi. Hakufika. Alirudi miguu imeungua vibaya, akalazwa hospitali wiki kadhaa. Kitabu alichokiandika baadaye, mwaka 1959, kinasomeka kama kazi ya mtu aliyekataliwa na mahali na bado akapapenda, na labda akapapenda zaidi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1962 mambo yalikwenda kinyume. Natron ilijaa maji, heroe wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya kutaga. Vifaranga walipoanza kutembea, magadi yaliganda kwenye miguu yao yakawa pingu nzito, wakawa wanakufa papo hapo. Kati ya waliokwenda kuwatazama alikuwemo mpigapicha wa sinema Alan Root. Waliingia ziwani wakawakamata vifaranga mmoja mmoja, wakazivunja pingu na kuwaachia. Maelfu waliokolewa kwa namna hiyo. Kisa hicho kinafaa kusimuliwa kwa kila mwenye kamera mpya, kwa sababu kinaonyesha mtu aliyekwenda kuchukua kitu akaishia kutoa.

Natron hiyohiyo ndiyo iliyompa Nick Brandt, mpigapicha wa Uingereza, zile picha zake za rangi nyeusi na nyeupe zilizotoka katika kitabu cha mwaka 2013. Aliwaokota ufukweni ndege na popo waliokufa, miili yao imekaushwa na kufunikwa na chumvi, akawaweka juu ya matawi katika mikao ya uhai. Magazeti mengi yalizisambaza yakidai kwamba ziwa linawageuza ndege kuwa mawe pale wanapoligusa. Si kweli, heroe kwa mamia ya maelfu huogelea humo. Brandt mwenyewe hakuficha kwamba aliwapanga. Ila picha zile huwashtua watu hadi leo, na mtazamaji aliyetulia huishia kufikiria kifo chake mwenyewe mbele ya tai aliyekauka akitazama maji. Picha ya ndege inaweza kumfikisha mtu mbali kiasi hicho.

Ufundi wenyewe ulianza kwa taabu kubwa. Nchini Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa wakipiga picha za viota tangu miaka ya 1890, kwa kamera za mbao na sahani za kioo. Ili wasiwatishe ndege, walitengeneza ng'ombe wa ngozi aliye mtupu ndani. Mmoja wao alikuwa akijikunja humo na kamera, lenzi ikachungulia nje. Cherry ndiye aliyekuja Kenya mwaka 1909 na kumpiga picha za sinema Theodore Roosevelt akiwa safarini kuwinda. Richard ndiye aliyemtia hamasa Emma Turner, mwanamke aliyekwenda kuishi peke yake kwenye mashua katika mabwawa ya Norfolk, akizungukwa na matete. Mwaka 1911 yeye na mlinzi wa eneo la Hickling walimpata kinda wa ngojamaliko, ndege wa matete ambaye tangu mwishoni mwa karne ya 19 alihesabiwa kuwa ametoweka kama mzalianaji Uingereza. Turner alimpiga picha akiwa amenyoosha shingo juu, mistari ya manyoya yake ikifanana na matete yenyewe. Picha ile ikawa ushahidi kwamba ndege wamerudi kuzaa. Na Turner hakuifikia kwa lenzi ya ajabu. Aliifikia kwa sababu alikuwa tayari anaishi hapo.

Wakati mwingine kitu kikubwa hujulikana nyumbani, mbele ya kompyuta. Kwenye mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, Mabamba ikiwemo, yuko sile-maua, ndege wa rangi ya hudhurungi mwenye vidole virefu mno vinavyomwezesha kutembea juu ya majani ya mayungiyungi bila kuzama. Mpigapicha humpiga akivuka jani, akaona ni picha ya kawaida. Anapoikuza, anahesabu miguu: miwili ya ndege mwenyewe, na mingine myembamba inaning'inia chini ya bawa. Ni vifaranga. Dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, na akihisi hatari huwabeba watoto wake kwapani na kuondoka nao, vidole vikilewalewa hewani. Jike kwa wakati huo huenda yuko kwa dume mwingine. Baba yeyote aliyeiona picha hiyo huitazama kwa muda mrefu.

Kwenye Ziwa Naivasha na Ziwa Baringo kuna biashara ya kumtupia samaki furukombe ili ashuke mbele ya kamera. Mwenye boti hupiga mluzi, samaki akarushwa, ndege akaja, na kila abiria akapata picha ileile ya kucha zikigusa maji. Picha ni safi kabisa, na wenye boti wana familia za kulisha. Lakini mtu anayetafuta kitu cha kumtuliza moyo atajikuta hajapata, kwa kuwa kila kitu kilikwenda kwa saa yake yeye. Kibaya zaidi ni tabia ya kusogelea viota. Mzazi akifukuzwa na mtu aliyekaribia mno, mayai hubaki juani, na dakika chache za jua kali zinatosha kuyaharibu. Alama ziko wazi: ndege aliyeacha kula, aliyenyoosha shingo, anayehamahama bila sababu, anasema umefika mwisho. Anayerudi nyuma hatua kumi mara nyingi hupata picha bora, kwa sababu ndege hurudi kwenye shughuli zake.

Utulivu huo wa moyo nao umepimwa. Watafiti wa King's College London walichapisha mwaka 2022 matokeo yaliyokusanywa kwa programu ya simu kutoka kwa watu 1,292. Waliripoti hali ya nafsi zao mara kadhaa kwa siku na kama walikuwa wameona au kusikia ndege. Kuona au kusikia ndege kuliambatana na hali njema zaidi, na athari hiyo ilidumu kwa saa kadhaa, hata kwa wenye ugonjwa wa sonona. Ni habari njema, ingawa itakuwa makosa kumgeuza ndege kuwa dawa ya kumeza asubuhi. Mtu akienda bwawani akidai apone kabla ya saa nne, amekwenda na haraka yake ileile. Faida huja kwa mlango wa nyuma, akili ikiwa imeshughulishwa na jambo lingine kabisa, kama vile upepo unatoka wapi.

Na ukikaa sana na ndege, utaanza kuyaangalia maji. Hili huwapata karibu wote. Aliyepiga picha kwenye Ziwa Nakuru, Kenya, miaka ya nyuma, ufukwe wote ukiwa wa waridi, alishuhudia katika muongo wa 2010 ziwa likipanda, maji yakipungua ukali, mwani wanaoula heroe ukififia, na heroe wakihamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Picha zake mbili za mahali pamoja zinaeleza hayo kuliko ripoti. Huko Mabamba, wavuvi wa zamani waliamini kwamba ukimwona bulwe siku hiyo hupati samaki, na walikuwa wakimuua. Leo wengi wao ndio wanaoshika upondo na kuwaongoza wageni, na wanamjua kila ndege anapopenda kusimama. Kinamasi hicho kiliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini Iran mwaka 1971 kulinda ardhi oevu. Tanzania ina maeneo manne katika orodha hiyo: Malagarasi-Muyovozi, Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Duniani kwa jumla, ripoti ya mkataba huo ya mwaka 2018 ilisema asilimia 35 ya ardhi oevu ilipotea kati ya 1970 na 2015. Kinachopotea mara nyingi huitwa pori la mbu na wanaokifukia.

Mwenye kamera anaweza kufanya kazi hapa bila cheo chochote. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, na makundi mazito huhesabiwa vizuri zaidi kwenye picha kuliko kwa macho. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea kumbukumbu za watu wa kawaida juu ya ndege walioonekana, wapi na lini. Huko Mida, shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiwavisha ndege wa pwani pete miguuni, na sehemu nyingine za dunia ndege huvishwa vibandiko vya rangi vyenye herufi zinazosomeka kwa lenzi. Picha ya namna hiyo haitundikwi ukutani: mguu umejaa tope, kichwa kimekatwa, maji nyuma yamefifia. Lakini herufi zikisomeka, mpigapicha huzituma kwa wanaotunza kumbukumbu za pete, nao humjibu ndege huyo alivishwa nchi gani, mwaka gani, na ni nani wengine waliowahi kumwona njiani.